Shajara ya mradi: majirani na waokoaji katika darasa moja

Jumatatu, kikao cha kuanzia

Tumekaa na viongozi wa mtaa, zimamoto, wauguzi wa zahanati, wahudumu wa gari la wagonjwa na polisi. Ajenda ilikuwa moja: nani afundishwe, na afundishwe pamoja na nani. Rasimu iliyokuwa mezani ilitenganisha makundi mawili. Wanajamii wapate huduma ya kwanza kwa siku zao, na waokoaji wapate mafunzo yao ya kitaalamu kwa siku nyingine. Kikao kimeamua vingine: watafundishwa pamoja, chumba kimoja, na watafanya zoezi moja.

Nimefurahi sana kwa uamuzi huu, na naandika sababu zake ili atakayeushika mradi baadaye azikute hapa. Jengo likianguka au mto ukivunja kingo zake, kuna dakika, na mara nyingine saa nzima, ambazo majirani huwa peke yao. Huko Kobe, Japani, tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 lilipiga saa 11:46 alfajiri, watu wengi wakiwa bado wamelala. Zaidi ya watu 6,400 walifariki. Lakini wengi wa waliotolewa vifusini wakiwa hai walitolewa na jamaa zao na watu wa nyumba za jirani. Kwa hiyo mwokoaji wa kwanza tayari yupo mtaani. La kujiuliza ni kama anajua la kufanya, na mwenye sare akishafika, watapokezana vipi.

Hapo kwenye kupokezana ndipo ninapotaka mradi uweke nguvu zake. Huduma ya kwanza inafundishwa mahali pengi. Kinachosahaulika ni pale jirani aliyekandamiza jeraha kwa mikono miwili anapoambiwa "Sogea!" na mtu ambaye hakumuuliza lolote. Anasogea, na kila anachokijua kuhusu majeruhi yule anaondoka nacho.

Alhamisi, ramani

Kabla ya darasa lolote tumetembea mtaa mzima tukiwa na wenyeji. Zimamoto walikuja na ramani iliyochapishwa, na wenyeji wakaanza kuisahihisha palepale: uchochoro huu umezibwa kwa ukuta, daraja lile halibebi gari zito, hapa maji hujaa kabla ya kwingine kote. Afisa aliyeshika kalamu aliishia kukaa chini kando ya barabara, ramani magotini, akiandika anachoambiwa.

Tumeweka alama za hatari, za vifaa na za watu. Upande wa vifaa tumejua nani ana ngazi ndefu, nani ana msumeno, jeki, pampu ya maji, kipaza sauti cha mkononi. Upande wa watu tumeandika wasiosikia, wasioona, wasioweza kutembea, na wanaotegemea mashine ya oksijeni au dawa ya kuhifadhiwa kwenye jokofu. Orodha hii ya watu haibandikwi ukutani. Inashikwa na watu wawili waliochaguliwa na wenyeji, na kila aliyeandikwa ameulizwa kwanza kama anaridhia.

Baba mmoja anayetumia kiti cha magurudumu aliridhia, ila kwa sharti. "Msiniandike kama mzigo wa kubebwa tu. Nipo nyumbani mchana kutwa, nina simu, na watu wote wa njia hii nawafahamu. Nipeni kazi." Tumempa. Yeye ndiye mpokea taarifa wa mtaa: kila anayeona tukio akishapiga namba ya dharura, anampigia yeye, naye anaandika saa, mahali, na nani kaelekea huko. Tangu leo nadhani kila orodha ya watu wanaohitaji msaada iwe na safu ya pili, ya msaada ambao mtu huyohuyo anaweza kuutoa.

Jumamosi, kutokwa damu

Darasa la kwanza la vitendo. Tumeanza na damu kwa sababu haisubiri. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na hakuna gari litakalowahi dakika hizo kama halijaegeshwa hapohapo.

Kilichofundishwa ni hiki. Kandamiza jeraha kwa uzito wa mwili, viwiko vimenyooka, wala usiinue mkono kuchungulia. Jeraha lenye kina, hasa la kinena au kwapa, lijaze shashi au kitambaa safi mpaka chini kabisa, kisha endelea kukandamiza. Kama ni mkono au mguu na damu bado inachuruzika, funga mkanda wa kubana damu upande wa kuelekea kiwiliwili, sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye jeraha, usikae juu ya goti wala kiwiko. Kaza mpaka damu ikome. Itauma sana, na majeruhi ajulishwe hivyo. Andika saa kwa tarakimu, vilevile inavyosomeka kwenye simu, na usiulegeze tena. Kazi ya kuulegeza ni ya hospitali.

Muuguzi alikuwa ameleta kipande cha sponji kilichotobolewa, kikapitishwa mpira mwembamba wa maji mekundu, na msaidizi wake akawa anayasukuma kwa mapigo kama ya moyo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikandamiza huku akiitazama saa. Dakika ya tatu mikono yake ilianza kutetemeka. Hakuomba kuacha. Aliuliza: "Nikichoka, huyu anayenipokea namwambia nini?"

Swali hilo limekula sehemu iliyobaki ya asubuhi, na lilistahili. Tulikubaliana kwanza kuhusu mikono: anayepokea anaweka mikono yake juu ya mikono ya mwenzake, anakandamiza, na ndipo wa chini anapochomoa. Kisha maneno. Wahudumu wa gari la wagonjwa wana mpangilio wao wa kutoa taarifa hospitalini. Tumeufupisha uwe mambo manne ambayo kila mtu darasani anaweza kuyasema kwa pumzi moja: kimetokea nini, ameumia wapi, hali yake ikoje, amefanyiwa nini na saa ngapi. "Ameangukiwa na ukuta. Paja la kulia limekatika, damu nyingi. Anaongea, ila anazidi kusinzia. Nimefunga mkanda saa 4:10." Inatosha.

Upande wa waokoaji nao una deni lake. Kabla ya kusema "Sogea", sema "Niambie". Mhudumu mmoja alipinga, na hoja yake ina uzito: penye tukio kuna umati, kila mtu anapiga kelele, atamjuaje aliyefundishwa? Wengine wakapendekeza fulana maalumu. Sikuunga mkono fulana, kwa sababu tukio likitokea usiku hakuna atakayekwenda kuitafuta kabatini. Tulichokubaliana ni rahisi zaidi. Mwenye mikono juu ya jeraha ndiye anayeulizwa, awe amefundishwa au la.

Jumapili, moyo na pumzi

Siku fupi. Mtu ameanguka, haitiki, hapumui kama kawaida: agiza mtu mmoja kwa kumwonyesha kidole apige simu, na anza kukandamiza katikati ya kifua. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 bila kupita 6, kifua kiachwe kirudi juu kila mara. Mwenye mafunzo ya kutoa pumzi akandamize mara 30 kisha pumzi mbili. Asiye nayo, au asiyeweza, akandamize tu bila kukoma. Kwa aliyezama majini pumzi ni muhimu zaidi, kwa sababu kilichomwangusha ni kukosa hewa.

Hapa pia tulifanya zoezi la kupokezana: kila dakika mbili mtu mwingine anaingia, na kifua kisikae bila kukandamizwa kwa zaidi ya sekunde 10. Vijana walidhani watadumu muda mrefu kwa kuwa wana nguvu. Dakika ya pili ilipoisha hakuna aliyebisha kubadilishwa.

Jumatano jioni, kubadili saa za darasa

Madarasa ya Jumamosi asubuhi yamejaa wanaume. Wanawake waliojiandikisha ni wengi, waliofika ni wachache. Tumewauliza, nao wakajibu bila kuzunguka: saa hizo wana kazi za nyumbani na watoto hawana wa kuachiwa. Kuanzia sasa kuna darasa la jioni, na kuna chumba cha watoto chenye mtu wa kuwaangalia.

Hili halipaswi kuhesabiwa kama jambo dogo la ratiba. Kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970, katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Mwaka 1972 ukaanzishwa huko mpango wa kujiandaa na vimbunga, unaoendeshwa na Hilali Nyekundu pamoja na serikali, na nguzo yake ni watu wa kujitolea wa vijijini. Wao hupandisha bendera, idadi ya bendera ikiongezeka kadiri hatari inavyokaribia, hupita na vipaza sauti na ving'ora vya kuzungusha kwa mkono, na husindikiza watu kwenye majengo ya kujihifadhi. Hata hivyo kimbunga cha 1991 kiliua zaidi ya watu 130,000, na wanawake waliokufa walikuwa wengi sana kupita wanaume. Wapo ambao onyo halikuwafikia kwa njia waliyoiamini, wapo waliosubiri ruhusa, wapo waliokuwa na watoto mikononi. Baadaye mpango ule uliongeza wanawake kati ya watoa onyo. Onyo linalobishwa mlangoni na mwanamke wa mtaa huohuo linaingia ndani ya nyumba. La kipaza sauti mara nyingi linaishia barabarani.

Kwa hiyo timu yetu ya kutoa onyo haitakamilika mpaka iwe nusu kwa nusu. Na kwa wasiosikia tumeongeza taa ya tochi inayowashwa na kuzimwa dirishani, pamoja na jirani mmoja aliyepewa jina la nyumba anayoiwajibikia.

Jumamosi, kupanga majeruhi

Hili ndilo darasa lililonigusa kuliko yote, na nitaliandika kwa urefu.

Majeruhi wakiwa wengi kuliko mikono, hawatibiwi kwa kufuata aliyepiga kelele zaidi. Tulifundisha utaratibu wa rangi uliobuniwa Newport Beach, California, miaka ya 1980, ambao mtu mmoja hupitia majeruhi mmoja kwa chini ya dakika moja na kumfunga utepe: nyekundu ni wa kuhudumiwa kwanza, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani ana majeraha madogo, nyeusi hapumui. Kwanza unatangaza kwa sauti: anayeweza kutembea aje huku. Hao ni kijani. Kwa waliobaki unaangalia pumzi. Asiyepumua, fungua njia ya hewa. Asipoanza kupumua ni nyeusi, akianza ni nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu. Kisha damu: mapigo ya kifundo cha mkono yasiposikika, au ukucha ukiubonyeza rangi ikachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, nyekundu. Kisha akili: mwambie afumbe macho au abane mkono wako, asipofuata, nyekundu. Aliyepita yote hayo lakini hawezi kutembea ni njano. Njiani unaruhusiwa mambo mawili tu, kufungua njia ya hewa na kuzuia damu nyingi, halafu unakwenda kwa mwingine. Kwa watoto kuna nyongeza: mtoto asiyepumua lakini ana mapigo hupewa pumzi tano kabla ya kuamuliwa, kwa kuwa moyo wa mtoto huchelewa kusimama baada ya hewa kukatika.

Kadi zikagawiwa, watu wakalala sakafuni, kazi ikaanza. Mama mmoja alifika kwa majeruhi mwenye kadi inayosema hapumui. Akainua kidevu, akasubiri, hakuna. Alikaa na ule utepe mweusi mkononi bila kuufunga. Mwishowe akamgeukia mkufunzi: "Na kama ninamjua?"

Darasa lilinyamaza. Wenzetu wa gari la wagonjwa wanafika mahali wasipomjua mtu. Jirani anamjua kila aliyelala chini, na baadhi yao amewalea. Vitabu vya mafunzo vimeandikwa kwa ajili ya yule asiyemjua mtu. Mkufunzi, mtu wa miaka mingi kazini, hakumjibu haraka. Alimwambia kwamba utepe mweusi haumaanishi mtu ameachwa. Maana yake ni kwamba kwa dakika hii mikono inakwenda kwa anayeweza kupona, na wakishapatikana watu zaidi, mtu yule anarudiwa na kuangaliwa tena. Alimwambia pia kwamba hata yeye, mwenye mafunzo, hapaswi kumpangia rangi ndugu yake wa damu.

Kutokana na swali lile tumeandika kanuni mbili. Upangaji unafanywa na watu wawiliwawili, mmoja mwenyeji na mmoja mwokoaji pale mwokoaji anapokuwa ameshafika. Na yeyote anayekuta mtu wa nyumbani kwake anaruhusiwa, bila kuulizwa wala kulaumiwa, kumpa mwenzake tepe na kukaa na mtu wake.

Jioni tuliunganisha na msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ule ambao Shirika la Afya Duniani liliutolea mwongozo mwaka 2011 kwa vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama usalama na nani ana uhitaji wa haraka, sikiliza bila kulazimisha mtu asimulie, muunganishe na jamaa zake na huduma. Usiseme "najua unavyojisikia", usiahidi usichoweza kutimiza. Mama yule alikaa mstari wa mbele.

Jumapili, kutafuta waliofukiwa

Mexico City, 19 Septemba 1985. Baada ya tetemeko, watu wa kawaida waliingia kwenye vifusi na kutoa mamia ya watu wakiwa hai. Lakini takriban watu 100 kati ya waliokuwa wakiokoa walikufa katika kazi hiyo. Kikosi cha zimamoto cha Los Angeles kiliyatazama yaliyotokea kule na mwaka huohuo kikaanza kufundisha timu za wananchi, na mwaka 1993 serikali ya Marekani ikaufanya mpango huo kuwa wa nchi nzima. Funzo la kwanza la timu hizo ndilo tulilolianza leo: mwokoaji aliyekufa hamsaidii mtu, na huongeza wa kutafutwa. Jengo lililopinda, lenye nguzo zilizovunjika au lililolala upande, jirani haliingii. Anazuia wengine wasiingie, anaandika nani anadhaniwa yumo, na anamsubiri mwenye vifaa akiwa na taarifa hiyo mkononi.

Kwa jengo lenye uharibifu mdogo: mnaingia wawiliwawili, mnatembea mkiwa mmegusa ukuta mmoja ili msipotee kwenye moshi au giza, na mlangoni mnachora mstari mmoja wa mshazari mkiingia na wa pili wa kuukata mkitoka. Anayefika baadaye anaona mstari mmoja tu, anajua kuna watu ndani.

Kisha tulifanya zoezi la ukimya. Mwaka 2017, jijini humohumo, waokoaji waliinua ngumi juu na umati mzima ukanyamaza ili wasikie sauti chini ya zege. Tulilificha simu lenye mlio hafifu chini ya rundo la mbao na matofali, watu wakaanza kazi kwa kelele zao za kawaida. Hakuna aliyelisikia. Ngumi ikainuliwa, ukimya ukaenea kutoka mbele hadi nyuma, na mtoto aliyekuwa anatazama kando ndiye aliyeonyesha kwa kidole lilipo. Tangu hapo wanainua ngumi hata kwenye mikutano.

Jumanne, zoezi la mezani

Tumekaa kuizunguka ramani, tukapewa tukio la kubuni: mvua kubwa, jengo la ghorofa limeanguka upande mmoja, usiku. Kila mmoja aseme atafanya nini, kwa utaratibu, na msimamizi aongeze matatizo.

Swali la kwanza lililokwama: machela na sanduku la huduma ya kwanza vimefungiwa ofisini, na ufunguo una mtu mmoja. Yuko safarini. Nani anafungua? Hakuna aliyekuwa na jibu. Vifaa vimehamishwa leo hiihii, vimegawanywa sehemu tatu za mtaa, na kila sehemu ina watu wawili wenye ufunguo wanaoishi nyumba tofauti.

Swali la pili lilikuwa la uongozi. Mioto mikubwa ya kusini mwa California mwaka 1970 iliwafunza zimamoto wa huko kwamba vikosi vyenye majina tofauti ya vitu vilevile na redio zisizosikilizana haviwezi kufanya kazi pamoja. Mfumo uliotokana na somo hilo sasa unatumika nchi nyingi: tukio moja lina kiongozi mmoja, na hakuna mtu anayesimamia zaidi ya watu saba moja kwa moja, watano wakiwa ndio wastani mzuri. Nilichopenda zaidi katika mfumo huo ni kwamba uongozi huanza na yeyote aliyefika wa kwanza mwenye uwezo, na hukabidhiwa rasmi. Kwa hiyo kiongozi wa kwanza anaweza kuwa mwalimu wa shule. Mkuu wa zimamoto alikubali mbele ya wote kwamba akifika atamtafuta mwalimu yule, atapokea taarifa, na ndipo atasema "Nimeupokea uongozi". Alilisema kwa sauti, na tumeliandika kwenye kumbukumbu.

Redioni: hakuna vifupisho wala namba za siri, lugha ya kawaida tu.

Jumamosi, zoezi kamili

Watu wa mtaa walitangaziwa mapema, na kila ujumbe wa redio ulianza na kuisha kwa maneno "zoezi, zoezi". Tuliweka pia maneno ya kusimamisha kila kitu: "hili si zoezi". Waliocheza majeruhi walikuwa na kadi shingoni. Waangalizi walipewa fomu yenye swali moja kubwa: mpokeaji aliuliza kabla ya kuchukua?

Mpokea taarifa alianza kuandika kutoka simu ya kwanza. Daftari lake ndilo tunalolitumia kujua kilichotokea na lini, kwa sababu saa alizoandika zinafuatana bila pengo. Timu ya onyo iligonga milango, kijani wakakusanywa chini ya mti, nyekundu wakapata mikono. Gari la kwanza lilipofika, mhudumu alipiga goti kando ya aliyekuwa amekandamiza paja, akamtazama usoni, akasema "Niambie". Mambo manne yakatoka kwa mpangilio. Mikono ikawekwa juu ya mikono. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka hapo na nilihisi koo linakaza.

Katikati ya zoezi mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa kijani alisikia kizunguzungu cha kweli. Kijana aliyekuwa naye hakusita: "Hili si zoezi!" Kazi yote ikasimama. Alilazwa kivulini, miguu ikainuliwa, muuguzi akaja, na kijana akamwambia kimetokea nini, hali ikoje, amefanya nini na saa ngapi, vilevile alivyojifunza. Mzee alipata nafuu, akapelekwa zahanati kuangaliwa na jioni akarudi nyumbani. Zoezi likaendelea.

Gari la pili ndilo lililoleta habari nyingine. Wahudumu wake waliruka chini, wakasema "Sogeeni, sogeeni," wakamchukua majeruhi mwenye mkanda wa kubana damu bila kumuuliza aliyeufunga. Saa ilikuwa imeandikwa kwenye mkanda, ila ilifunikwa na blanketi. Mwanamke aliyeufunga aliwafuata hadi mlango wa gari akijaribu kuwaambia, mlango ukafungwa.

Jumapili, tathmini

Hatukumlaumu mtu. Wahudumu wale ni wa zamu nyingine, na hakuna aliyewahi kuwaita darasani. Tuliwafundisha watu waliokuwa zamu siku za mafunzo. Mmoja wao alisema jambo ambalo limebadili mpango wetu: "Kama ningejua kwamba yule mama anajua kitu, ningemsubiri hata kama mngeniharakisha." Alikwenda kwa mwanamke yule, wakakaa kando, akamwomba amsimulie taarifa yote kama alivyotaka kuitoa jana.

Uamuzi uliopita ni kufundisha kila zamu, na kuliingiza neno "Niambie" kwenye utaratibu wa maandishi wa huduma ya gari la wagonjwa, ili mhudumu mpya alikute tangu siku anapoajiriwa. Jambo linalotegemea watu waliohudhuria darasa fulani litaondoka nao wakihamishwa. Saa ya mkanda itaandikwa pia kwenye paji la uso wa majeruhi au mkanda wa karatasi mkononi, mahali pasipofunikwa. Na wapokeaji wa namba ya dharura wamekubali kumwambia mhudumu aliye njiani kwamba eneo lina timu ya wenyeji.

Marudio ya mafunzo yamejadiliwa kwa muda mrefu. Ujuzi wa kukandamiza kifua hupungua ndani ya miezi michache usipotumika. Wenyeji wenyewe wamependelea vipindi vifupi vya mara kwa mara kuliko semina moja ndefu ya mwaka, nami nawaunga mkono kabisa. Kila kipindi kitaanza kwa sponji na maji mekundu, na kitaisha kwa kupokezana.

Jumatatu, yanayofuata

Zamu ya usiku ya gari la wagonjwa inaanza mafunzo Jumatano. Kipengele cha kupokezana kitafundishwa na mwalimu wa shule ya msingi akiwa na mwanamke aliyefuata gari. Wote wawili wamekubali. Zoezi lijalo litafanyika gizani, kwa hiyo tunahitaji tochi za kichwani, betri za akiba, na tepe za rangi ambazo pia zina herufi kubwa, maana nyekundu na njano hazitofautiki vizuri kwenye mwanga hafifu. Mpokea taarifa ameomba msaidizi wa zamu ya usiku na daftari la pili. Fomu ya waangalizi imeongezewa swali: aliyekabidhi alipewa nafasi ya kumaliza kusema?